Kusafiri kwa ndege peke yangu na watoto wawili wadogo: niondoke usiku au mchana?

Mama wa Wawili

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wale waliokwisha kusafiri na watoto wadogo, kwa sababu jambo hili limenikosesha usingizi wiki nzima. Mume wangu alitangulia kikazi, nasi tunamfuata mwezi ujao: mimi, binti yangu wa miaka 3 na mdogo wake wa miezi 8 ambaye bado ananyonya. Tutapanda ndege mbili, ya kwanza ikichukua muda wa saa 8 na ya pili muda wa saa 2, na sitakuwa na mtu mzima mwingine wa kunisaidia.

Wakala wa tiketi amenipa njia mbili. Ya kwanza inaondoka usiku na kutufikisha kwenye uwanja wa kuunganishia alfajiri, ambapo tutakuwa na dakika 80 tu za kubadilisha ndege. Ya pili inaondoka asubuhi, na kabla ya ndege inayofuata tutakaa uwanjani saa 5. Mama yangu anataka nichukue ya mchana, akisema kwamba mtoto akilia usiku atawaamsha abiria wote. Mume wangu anapendelea ya usiku kwa kuwa anaamini watoto watalala. Zaidi ya hayo, shangazi yangu, kwa nia njema kabisa, ameniambia niwape watoto kijiko cha ile dawa ya mafua inayoleta usingizi kabla ya kupanda. Moyo wangu unaukataa ushauri huo, lakini sina hoja ya kumjibu mtu mzima. Binti yangu pia alilia sana kwa maumivu ya masikio mara ya mwisho tulipopanda ndege, nami naogopa yasije yakawapata wote wawili kwa wakati mmoja. Mngekuwa ninyi, mngechagua nini, na kwa sababu gani?

Baba wa Mapacha

Pole dada, mashaka yako ni ya haki. Nimesafiri na mapacha wangu tangu wakiwa na miezi 7, ingawa kila mara tulikuwa wazazi wawili, kwa hiyo ninajua kwamba mzigo wako ni mzito kuliko uliokuwa wangu. Kati ya njia hizo mbili ningeikataa ya kwanza, na sababu si usiku bali ni zile dakika 80. Mwenye watoto wadogo mara nyingi hupandishwa wa kwanza, lakini hushuka wa mwisho, maana hawezi kusimama kwenye ujia akiwa na mtoto kifuani na mwingine mkononi huku watu wakishusha mabegi juu ya kichwa chake. Ukishashuka utakisubiri kigari cha mtoto, na si kila uwanja hukirudisha mlangoni pa ndege. Kwingine hupelekwa pamoja na mizigo mikubwa hadi mwisho wa safari. Huenda pia ukapita tena kwenye ukaguzi wa usalama, ambako kigari hukunjwa na mtoto hutolewa kwenye mbeleko, kisha ndipo uanze mwendo wa kwenda lango jingine kwa hatua za mtoto wa miaka 3. Ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa tu, hesabu yote imevurugika.

Mwulize wakala kama ndege hiyo hiyo ya usiku inaweza kuunganishwa na ndege ya baadaye, ili upate walau saa 3 katikati. Na jambo ambalo ninalisisitiza kuliko yote ni kwamba ndege zote mbili ziwe kwenye tiketi moja. Zikiwa hivyo na ya kwanza ikachelewa, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata. Zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa kando kando, ukiikosa ya pili nauli yako huenda ikapotea, na mizigo utalazimika kuichukua na kuiandikisha upya mwenyewe, ukiwa na watoto wote wawili.

Usiku wenyewe mimi naupenda. Taa zikizimwa na watu wakanyamaza, mtoto huelewa kwamba ni wakati wa kulala bila mzazi kumshawishi, hasa ukimvalisha nguo zake za kulalia na kumfuatishia yale yale anayoyafanya nyumbani kabla ya kulala.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto

Dada, kuhusu dawa jibu langu ni hapana, na hoja ya kumpelekea shangazi ni hii. Dawa hizo za mafua na mzio hazikutengenezwa kwa ajili ya kumlaza mtoto asiye mgonjwa. Baadhi ya watoto huzipokea kinyume kabisa: badala ya kulala huhangaika na kulia kwa saa nyingi, na ndani ya ndege huna pa kuwapeleka. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba zinaweza kudhoofisha upumuaji, na mojawapo, promethazini, haipaswi kabisa kupewa mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa sababu hiyo. Kumbuka pia kwamba hewa ndani ya ndege iliyo angani ni nyepesi kama ya mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, hivyo oksijeni anayoipata kila abiria ni pungufu kidogo kuliko ya usawa wa bahari. Mtoto mwenye afya huimudu hali hiyo bila taabu, lakini si mahali pa kumpunguzia pumzi kwa kijiko cha dawa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, aonwe na daktari kabla tiketi haijanunuliwa.

Masikio nayo yana utaratibu wake. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna nafasi ndogo yenye hewa, iliyounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ndege inapopaa, hewa ya ndani hutoka kwa urahisi. Inaposhuka, hewa inatakiwa kuingia tena, na mrija huo hufunguka hasa mtu anapomeza au kupiga miayo. Mrija wa mtoto ni mfupi na mwembamba zaidi, tena umelala karibu sawa na sakafu, ndiyo maana huziba upesi, hasa akiwa na mafua. Kwa hiyo usimnyonyeshe mdogo mapema akashiba kabla ya wakati wenyewe. Subiri ndege ianze kushuka, ambayo kwa kawaida ni kama nusu saa kabla ya kutua, na uendelee kumpa ziwa mara kwa mara hadi chini. Masikio yako mwenyewe yatakujulisha. Akiwa amelala, mwamshe, hata kama umemlaza kwa shida, kwa sababu aliyelala humeza mara chache na maumivu yatakuja kumwamsha vibaya zaidi. Mkubwa mpe maji anywe kidogo kidogo kwa mrija. Usimpe peremende ngumu, maana kwa umri wake inaweza kumpalia. Na kwa kuwa ana historia ya maumivu, mpeleke achunguzwe masikio siku chache kabla ya safari. Usingoje hadi asubuhi ya kuondoka.

Bibi wa Wajukuu Sita

Mwanangu, wote wamezungumzia usingizi wa watoto, wala sijamsikia aliyeuliza wewe utalala saa ngapi. Ninatofautiana na huyo baba wa mapacha kwa heshima zote, kwa kuwa wao walikuwa wawili na waliweza kupokezana. Wewe utashinda kutwa ukifunga mizigo, utaondoka nyumbani jioni, utampakata mtoto usiku kucha bila kuthubutu kusinzia, maana aliyesinzia mikono humlegea, kisha kutakapopambazuka watoto wataamka wakiwa na nguvu mpya wakati wewe una saa 24 hujafumba jicho. Hiyo ndiyo saa ambayo mtoto wa miaka 3 huponyoka mkono katikati ya umati. Kumsindikiza binti yangu na wanawe katika safari ya namna hiyo kulinifundisha kuuhofia uchovu wa mama kuliko kilio cha mtoto.

Saa 5 za kusubiri si hasara hata kidogo. Viwanja vikubwa vingi vina chumba cha kunyonyeshea na mahali pa watoto kuchezea, na mtoto aliyekimbia saa nzima hukaa kitini kwa amani katika ndege ya pili. Vyovyote utakavyochagua, mpige binti yako picha asubuhi ya safari akiwa na nguo alizovaa, na umwandikie namba yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Kuhusu abiria kuamshwa, mwambie mama yako kwamba nimemwelewa, lakini mtoto mchanga akilia hajamkosea mtu.

Mama wa Wawili

Ninawashukuru mno. Shangazi ameipokea hoja ya muuguzi bila kinyongo. Bibi, maneno yako yamenigusa kweli, kwa sababu hilo la usingizi wangu sikulifikiria hata mara moja. Wakala amepata ndege ya usiku yenye saa 3 na dakika 10 za kuunganisha, kwenye tiketi moja, na dada yangu atakuja kunifungia mizigo ili nilale mchana wa siku hiyo. Kilichobaki ni mambo mawili. Je, niombe kile kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani? Na nitakwendaje msalani, wakati mmoja hawezi kukaa peke yake na mwingine sitaki kumwacha peke yake?

Safari na Watatu

Kitanda kina faida na gharama zake, dada yangu, na ni vizuri uzijue zote. Hufungwa kwenye viti vya mbele kabisa vinavyotazama ukuta, ni vichache, na kila shirika lina kikomo chake cha uzito na urefu, hivyo piga simu leo wala usisubiri siku ya kuondoka. Kwa miezi 8 mtoto wako huenda akawa karibu na kikomo hicho, mpime kwanza. Taa ya mikanda ikiwaka kwa sababu ya msukosuko wa hewa, mtoto hutolewa kitandani hata kama amelala fofofo. Pia viti hivyo mara nyingi huweka meza ndani ya sehemu ya kuegemezea mkono, kwa hiyo haiinuki, na binti yako hataweza kukulalia mapajani. Tena hakuna kiti mbele yako cha kuwekea begi chini yake, hivyo wakati wa kupaa na kutua nepi na maji vitakuwa juu, mahali ambapo huwezi kuvifikia. Mwanangu wa mwisho alipokuwa na umri huo niliacha kitanda na kuchukua viti viwili vya kawaida, cha dirishani na cha pembeni yake, mkubwa akakaa dirishani. Kuwa na mtoto wa kupakatwa kunaweza kukuwekea mipaka ya safu, kwa sababu barakoa ya ziada ya oksijeni haipo kwenye kila safu, kwa hiyo acha shirika lenyewe lithibitishe viti hivyo.

Msalani nendeni wote watatu, mdogo ukiwa umemfunga kwenye mbeleko kifuani. Chagua wakati ambao kigari cha chakula bado hakijaingia kwenye ujia, maana kikishaingia hupiti tena kwa muda mrefu. Mbadilishe mdogo nepi hapo hapo; vyoo vingi vina ubao unaokunjuliwa juu ya sinki au choo. Binti yako, hata kama ameacha nepi tangu zamani, mvalishe moja kwa safari hii na umweleze ni kwa nini. Ukizidiwa, mwombe mhudumu wa ndege asimame na mkubwa kwa dakika mbili. Mimi niliona haya kuomba katika safari ya kwanza, na niliteseka bure.

Hukuuliza kuhusu karatasi, lakini kwa kuwa unasafiri bila baba yao, beba nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya baba ya kuridhia safari, iliyothibitishwa na mwanasheria, kwa sababu maofisa wa mipakani wana haki ya kuuliza. Maziwa na chakula cha mtoto mara nyingi huruhusiwa kuzidi kile kikomo cha mililita 100 za vimiminika kwenye begi la mkononi, ila vitoe kwenye begi mwenyewe na uvitaje kabla hujaulizwa.

Mama wa Wawili

Tumefika, ndugu zangu, na niliahidi moyoni kuleta majibu. Binti alilala saa 6 mfululizo akiwa amejikunja dirishani. Mdogo alilala kwa vipande vipande, nami nililala dakika chache tu, hivyo Bibi alisema kweli. Bila ule usingizi wa mchana sijui ningefikaje. Tulipoanza kushuka nilimwamsha mdogo, akakasirika na kukataa ziwa, akalia kama dakika kumi hadi nilipomfunika kwa khanga asione taa, ndipo akanyonya hadi tukagusa ardhi. Mkubwa alimaliza maji yake kwa mrija na hakulalamikia sikio hata mara moja. Ndege ya kwanza ilichelewa dakika 50. Kwa zile dakika 80 za awali tungeikosa ya pili, lakini tulipata muda wa kutosha wa kubadilisha nepi, kunawa nyuso na kutembea polepole hadi langoni. Barua ya baba yao iliombwa mara mbili.