Tochi ndogo ya mfukoni: ya AA, ya 18650, au hizi za plastiki za Kariakoo?

Kibatari
Wakuu, habari za humu. Nimechoka na tochi ya simu. Wiki iliyopita umeme umekatika, nikapanda stuli kuangalia kama breka imeruka, simu nimeibana kwa meno. Nikapiga chafya. Simu ikatua kwenye ndoo ya maji ya kuogea. Imepona, ila spika sasa inaongea kama mtu mwenye mafua.

Nataka tochi yenyewe, ndogo, ikae mfukoni bila kuvuta suruali chini. Kazi zake ni za kila mtu: kutoka stendi hadi nyumbani saa nne usiku (njia yetu ina mitaro isiyo na mifuniko), kuchungulia chini ya boneti, kuku wakipiga kelele, na umeme ukikatika. Nimechuja nikabaki na Sofirn SP10 Pro, inayokula betri moja ya AA au ya lithiamu ya 14500. Wurkkos FC11, ya betri ya 18650 (lithiamu ya kuchaji, nene na ndefu kuliko AA), ina tundu la Type-C la kuchajia. Convoy S2+, nayo ya 18650 lakini haina tundu, lazima uwe na chaja pembeni. Na hizi za plastiki za kuchaji zilizojaa Kariakoo. Bajeti laki moja, betri ikiwemo.

Kinachonichanganya ni lumeni, hicho kipimo cha wingi wa mwanga. FC11 wanasema 1300, SP10 Pro 900, za Kariakoo nimekuta moja imeandikwa 50000. Aliyezishika aseme.

Getini
Mkuu, hiyo 50000 waachie wenyewe. Balbu ya gari ya H4, ukiwasha full, haifiki lumeni 1700. Sasa kitochi cha kuning'iniza kwenye funguo kiangaze kama magari kumi na tano, na kisiyeyuke?

Mimi nalinda geti, tochi kwangu ni kama kalamu kwa mwalimu. Nilianza na hizo za plastiki. Ubaya wake sio mwanga, mwezi wa kwanza zinawaka vizuri tu. Betri ya ndani haibadilishiki, ikichoka umetupa tochi nzima. Nimezika tatu.

Baadaye nikapewa ya chuma ya 18650, betri nikanunua dukani, lebo inasema 9900 mAh, yaani umeme inaoweza kubeba. Nikafurahi. Saa moja na nusu, giza. Nikaipeleka kwa jamaa yangu anayepima dhahabu, akaiweka kwenye mizani: gramu 27. Tukaweka pembeni yake betri niliyotoa kwenye pakiti ya laptop iliyokufa: gramu 46. Hapo nikaelewa. 18650 ya kweli ina gramu 45 kwenda juu, na uwezo wake ni kwenye 2500 hadi 3500 hivi. Ukiona 9900 kwenye saizi hiyo, umenunua lebo.

FundiWaya
Getini amemaliza habari ya betri, mimi niseme ya rangi, maana watu wanaisahau.

Natumia FC11 mwaka wa pili. Sikuichukua kwa lumeni, nimeichukua kwa sababu taa yake ina CRI ya 90, yaani rangi unaziona karibu na zilivyo mchana. Kwenye kazi yangu hilo ni suala la uhai. Nyumba nyingi waya za zamani ni nyekundu kwa moto (waya wenye umeme) na nyeusi kwa nyutro. Za sasa kahawia ni moto, bluu ni nyutro. Nyumba iliyoongezwa vyumba unakuta zote mbili kwenye boksi moja. Sasa chukua tochi ya mwanga wa kibluu, ule wa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda ubluu unazidi), mulika kahawia iliyofubaa na kupata vumbi la miaka kumi: unaona nyeusi. Ukiamini macho, unashika moto ukidhani ni nyutro. (Tesita lazima, hata kwa mwanga wa mchana. Nasema tu tochi mbaya inakupa ujasiri usio wako.)

Halafu ina sumaku kitakoni. Unaibandika kwenye mlango wa boksi la breka, mikono miwili inabaki huru. Kibatari, ungekuwa nayo usingebana simu kwa meno.

Mvita_Kale
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nitakwenda kinyume na mafundi wa 18650.

Ndugu yangu Kibatari, jiulize: siku betri imekufa nawe uko kijijini kwa mamako, utapata wapi 18650? AA utaipata duka lolote lenye sabuni na sukari. Ukikosa dukani, utaivua kwenye saa ya ukutani. SP10 Pro inakubali zote mbili, ya kawaida ya 1.5V na ya lithiamu ya 3.7V. Ukiweka AA mwanga wa juu kabisa unapungua sana, sikatai, lakini mtu anayekwepa mtaro hahitaji 900. Natembea na kama 40 hivi, naona jiwe, naona nyoka, na sijimulikii macho ya jirani.

Nazitumia zile za NiMH za kuchaji, Eneloop. Za kawaida za alkali zikisahaulika ndani zinavuja, zinakula springi.

Onyo moja: 14500 ina umbo sawasawa na AA. Wanao wakiichukua wakaitia kwenye rimoti au toi, imeungua. Volti ni zaidi ya mara mbili.

FundiWaya
Mvita, nakubali kuhusu duka, sikubali kuhusu hesabu. AA ya NiMH ya 2000 mAh kwa 1.2V ni wati-saa 2.4. 18650 ya 3000 mAh kwa 3.6V ni wati-saa 10.8. Mara nne na nusu. Kwa makadirio, LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa wati moja, kwa hiyo kwa mwanga wa lumeni 100 AA inakupa saa mbili na kidogo, 18650 inakupa usiku mzima. Umeme ukikatika saa moja jioni ukarudi alfajiri, yupi bado anawaka?

Mvita_Kale
Mwenye AA nne kwenye droo.

Kibatari
Hahaha. Mvita umenipiga chenga. Ila swali: 1300 dhidi ya 900, jicho litaona tofauti?

FundiWaya
Kidogo sana. Jicho halihesabu kama mita. Ili mwanga *uonekane* mara mbili, lumeni zinatakiwa ziwe karibu mara nne. Halafu hiyo 1300 sio ya kudumu. Kitochi cha saizi ya kidole gumba kikiwaka full kinapata moto, programu yake inashusha mwanga yenyewe isiungue. Ndani ya dakika chache uko kwenye mia kadhaa. Kampuni zinazofuata ANSI FL1, kiwango cha kupimia tochi, zinapima lumeni kati ya sekunde 30 na 120 baada ya kuwasha, na muda wa betri unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kwenye asilimia 10 ya pale ulipoanza. Ukisoma "saa 12", nyingi ya hizo ni za mwanga mdogo wa mkiani.

Kwa hiyo linganisha mwanga wa kati, sio wa juu. Ndio utakaoishi nao.

ZamuYaUsiku
Kaka zangu mmezungumzia mwanga mkubwa mpaka basi. Mimi ni muuguzi, naomba kuutetea mdogo.

Wodini saa nane usiku siwezi kuwasha lumeni 300, nitaamsha watoto ishirini. Nahitaji mwanga kama wa mshumaa, nione dripu inadondoka, nisome jina kwenye mkono. Tochi nyingi za bei rahisi zinaanzia juu: ukibonyeza mara ya kwanza, paa, halafu uzungushe kati, chini, ile ya kumetameta ya dharura, ndipo urudi ulipotaka. Kumulika mboni za mgonjwa kwa mwanga mkali ni kumtesa bure. Na FundiWaya yuko sahihi kuhusu rangi: tochi ya kibluu inamfanya kila mtu awe na midomo ya bluu. Mara mbili nimemuita daktari kwa mtu aliyekuwa anapumua vizuri kabisa.

Mimi nina SP10 Pro. Ukishikilia kitufe ikiwa imezimwa, inaanzia chini kabisa, ndiyo sababu niliinunua. Programu yake inaitwa Anduril, ina mambo mengi ya kuchezea ambayo sijawahi kuyahitaji. Nimeiacha kwenye mfumo rahisi iliokuja nao na maisha yanaendelea.

Nyingine: kitufe cha pembeni kinabonyezeka mfukoni. Ya mwenzangu iliwaka full ndani ya sare, ikatoboa kitambaa na kumwachia alama pajani. Kwenye SP10 Pro bonyeza mara nne, inajifunga. Tochi nyingi za kitufe cha pembeni unaweza pia kulegeza kitako nusu mzunguko, umeme unakatika kabisa.

Getini
Convoy S2+ haina tatizo hilo, kitufe kiko nyuma na kina mlio wa *tak*, lazima ukusudie. Ngumu, imeniangukia kwenye zege mara sijui ngapi. Lakini kwa Kibatari simshauri. Mtu anayesahau simu kwenye ndoo atasahau na chaja.

Kibatari
Getini, sikusahau, nilipiga chafya!

Basi nimeamua. FC11, ya 5000K, na betri yake ya kiwandani, sinunui lebo tena mtaani. Sababu ni moja: waya wa Type-C ninao tayari kitandani, na ninavyojijua, kitu chenye chaja ya peke yake nitakiacha kwenye droo. Mama nitamtumia SP10 Pro na pakiti ya AA, Mvita atulie. Mwanga wa juu atautumia kumtafuta mbuzi, basi.

Za plastiki nimezifuta. Ila mtoto wa pili analia anataka yenye rangi tatu na kengele.

ZamuYaUsiku
Mnunulie. Ila wa kulala naye chumba kimoja ni wewe.

FundiWaya
Ikifika, toa betri kwanza. Wanaweka kikaratasi cha plastiki kati ya betri na kitako ili isiwake njiani. Kila mwezi kuna mtu ananiletea tochi mpya "mbovu", navuta kikaratasi, inawaka, tunaangaliana.