MJADALA: Filamu za Hispania baada ya Franco ziliwakomboa wapenzi wa jinsia moja, au ziliendelea kuwaadhibu?

Picha na Sauti
Franco, dikteta wa Hispania, alikufa Novemba 20, 1975. Miaka mitatu baadaye sinema za Hispania zimejaa wapenzi wa jinsia moja, lakini tazameni hadithi zinavyoisha. Katika *El diputado* ya Eloy de la Iglesia (1978), mbunge wa mrengo wa kushoto anampenda kijana Juanito, aliyetumwa na wafuasi wa Franco kumtega. Mwisho kijana anauawa. Kwangu hiyo ni adhabu ileile ya zamani. Na udhibiti si ulikufa na Franco? De la Iglesia alijizuia na nini?

Msomi wa Mtaa
Ndugu yangu, udhibiti haukufa siku ile. Kukagua miswada ya filamu kulifutwa Februari 1976, lakini filamu iliyokamilika iliendelea kuhitaji kibali hadi amri ya Novemba 11, 1977. Ndiyo maana *Los placeres ocultos* ya mtu huyohuyo ilizuiwa kwanza. Na sheria ya 1970 ya "hatari kwa jamii" ilimruhusu hakimu kumfungia mtu kwa vile alivyo, hata kama hakutenda kosa. Wengine walipelekwa jela ya Huelva. Msamaha wa Oktoba 1977 haukuwagusa. Kipengele chao kiliondolewa Desemba 1978. Unataka mwisho wa furaha wakati huo?

Picha na Sauti
Ocaña, yule mchoraji wa Barcelona, hakusubiri sheria. Katika filamu ya Ventura Pons ya 1978 anatembea La Rambla, barabara kuu ya mji huo, na gauni, anainua pindo mbele ya watu, na hafi.

Binti Kalamu
Sinema, sinema! Riwaya ilitangulia mbali. Riwaya ya Esther Tusquets, 1978: mhadhiri wa Barcelona anampenda mwanafunzi wake wa kike, na wapenzi hao hawafi. Riwaya ya Eduardo Mendicutti, 1982: La Madelón, aliyezaliwa mwanamume na anaishi kama mwanamke, anasikiliza redio usiku wa Februari 23, 1981, Luteni Kanali Tejero akiwa ameteka Bunge kwa bunduki ili kupindua serikali, na anahofia kurudishwa zama za kujificha. Hiyo ya pili lakini haitaingia Kiswahili kamwe. Lugha yetu ni maskini kwa mambo ya jinsia.

Mfasiri Huru
Maskini? Dada, futa neno hilo.

Kazi ya Mendicutti iko kwenye herufi moja. *Cansada*, nimechoka mwanamke. *Cansado*, nimechoka mwanamume. La Madelón anajitaja kwa *-a*, na mara nyingine inamponyoka *-o*. Kweli, "nimechoka" haisemi kitu. Lakini sisi tuna kuoa na kuolewa! Mpe "nitaolewa na nani mie?" ukurasa mmoja, na akikumbuka kambi ya jeshi "tulikuwa makuruta, wanaume watupu, bado sijaoa". Msomaji atashtuka palepale Mhispania anaposhtuka.

Binti Kalamu
Ndoa haitajwi kila sentensi. Herufi ile ipo kila mstari.

Mfasiri Huru
Na ndipo wafasiri wanapoharibu: wanabandika "mimi mwanamke" kila mstari, hadi msomaji anachoka. Jinsia iweke kwenye maongezi. Akimwita La Begum, mwenzake wa nyumba moja, aseme "shoga", kama wanawake wa Unguja na Mombasa wanavyoitana.

Mzee wa Maktaba
Wanangu, hapo pana mtego. Pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Bara ni tusi kwa mwanamume. Kitabu kile kile, neno lile lile, msomaji wa Mwanza anasoma matusi ukurasa wa kwanza.

Mfasiri Huru
Mzee, kwa heshima, nalitaka kwa sababu hiyohiyo. Ndani ya nyumba yao ni upendo. Mtaani, kinywani mwa askari, liwe tusi. Neno moja libebe yote mawili, kama maisha yao yalivyoyabeba.

Picha na Sauti
Jamani, swali langu la *El diputado*? Juanito aliuawa bure?

Mzee wa Maktaba
Subiri kidogo. Mfasiri, askari akilitamka mara ya kwanza, msomaji wa bara atajuaje kwamba sasa limegeuka? Kwake lilikuwa tusi tangu mwanzo.

Mfasiri Huru
La Begum aanze kwa "shoga yangu". Tusi halibebi "yangu". Askari asiwe nayo.