Wiki moja ya kuchora mandhari: Lamu ama nibaki Malindi?

Rangi_Kavu
Salama wachoraji. Nimepata likizo ya wiki moja na hela ya safari moja tu, nisaidieni kuamua kabla sijalipa chochote. Kichwa kimekauka jamani, tangu mwaka jana nachora mandhari kwa kutazama picha za simu na zote zinatoka zile zile, mnazi kushoto mashua kulia jua katikati, mpaka mteja ameniuliza kama nachora kalenda. Nataka nikae nje, macho yapate kitu kipya. Lamu, ama nizunguke tu huku Malindi, Marafa na magofu ya Gede? Wapi kuna mandhari bora?

KusiNaKaskazi
Ami umeuliza nusu swali. Mwezi gani? Rangi za maji, za mafuta ama akriliki? Uko na usafiri? Maana mtu wa rangi za mafuta ukimpeleka matuta ya mchanga ya Shela, kule Lamu, wakati wa upepo atarudi na picha za kukwangulia sufuria.

BintiShela
Hakuna cha kulinganisha hapo, njoo Amu, yaani Lamu yenyewe. Mji mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 lakini usiende na hayo, keti tu ufukweni alasiri. Jua linashuka nyuma ya nyumba, wewe umeligeuzia mgongo, mwanga wote unaangukia matanga na mikoko ya kisiwa cha Manda ng'ambo. Asubuhi ni kinyume, jua linatoka upande wa Manda na mashua zote ni weusi mtupu juu ya maji ya fedha. Hapo hapo ulipokaa, picha mbili, na hujasogeza kiti.

Fundi_Kanvasi
Dada Shela mmeanza hahaha. Lamu imechorwa mpaka punda wanajua kupozi. Mimi nasema Nyari ya Marafa, lile bonde lililomomonyoka, vuka mto Sabaki, pita Mambrui, ingia bara. Ule mmomonyoko ni mwekundu, chungwa, waridi, mweupe, na saa kumi na moja jioni unawaka kweli, nenda na mtembezi wa pale atakupa na hadithi ya ile familia tajiri iliyooga maziwa mpaka ardhi ikawameza. Utajifunza nyekundu ngapi ziko duniani. Halafu nina stendi ya kuchorea ya mbao inakunjwa, haina shida, naiuza, mwenye haja aje inboksi.

Rangi_Kavu
Akriliki. Mwezi wa sita. Usafiri sina.

KusiNaKaskazi
Sasa tunaongea. Mwezi wa sita ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Bahari ya nje imechafuka, lakini mkondo wa kati ya Lamu na Manda unajificha kidogo, utachora. Kwenye matuta akriliki itakukaukia kibaoni kabla hujachanganya, beba chupa ya kunyunyizia maji na kitambaa kibichi. Kwa huku kwetu, nenda mdomo wa Sabaki baada ya mvua za masika, mto umeleta tope la bara jekundu kama chai ya rangi na linaingia kwenye bahari ya kijani, ule mstari wa kukutana hauhitaji mnazi wala mashua. Wakati wa kusi tope linasukumwa upande wa Mambrui, ukija upepo wa kaskazi ndio linarudi upande wa mji na wageni wanalalamika hotelini. Mchoraji gani analalamikia rangi mbili za bure?

Mzee_wa_Mikoko
Mtu asikudanganye Lamu ni kukaa ufukweni tu, ukitaka mikoko yenyewe na magofu lazima uchukue chombo, na hapo ndipo mimi nilipoonyeshwa. Tulikwenda Takwa, kule Manda, wachoraji watatu, nahodha tumetafutiwa na tulipolala. Ule mkono wa maji wa kupita kwenye mikoko unapitika maji yakijaa, kila mtoto wa Lamu anajua. Akatushusha, akasema anamvusha mgeni mmoja anarudi sasa hivi. Sisi tukaweka stendi chini ya mibuyu, kazi ikaenda vizuri sana, mwanga unapita kwenye kuta za matumbawe, kila mtu kimya. Kuja kushtuka maji yamekupwa na mtu hayupo. Alipotokea yuko mbali kule anapiga kelele tu, chombo hakiwezi kuingia, fuateni! Tufuate nini? Tope mapajani, mizizi ya mikoko inakata, stendi kichwani, kanvasi za mafuta mbichi tumezishika juu kama waiter na sinia, mwenzetu mmoja akateleza picha ikalala kifudifudi. Mbu sisemi. Tulipofika akadai hela ya kusubiri. Ya kusubiri!! Sisi ndio tuliosubiri. Kwa hivyo ukienda, ujue la maji kujaa na kupwa kabla ya kujua la bei, na mpate maafikiano ya kurudi kabla hujashuka.

BintiShela
Pole mzee wangu lakini huyo ni mtu mmoja, usitupake sote.

Mzee_wa_Mikoko
Sijapaka mtu binti yangu, tope lilitupaka sisi.

Jicho_Tatu
Samahani naingilia, kwani kuna ulazima gani wa kukaa juani? Zunguka siku mbili, piga picha mia tano, chora nyumbani chini ya feni. Matokeo ni yale yale.

KusiNaKaskazi
Si yale yale. Simu ikiona ukuta mweupe juani inakifanya kivuli kiwe cheusi, wewe kwa macho unaona kivuli kina buluu na kina wekundu wa mchanga unaorudi juu. Hicho ndicho kilichopotea kwenye kalenda za ndugu yetu. Na picha haina wakati. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, halafu kila siku yanachelewa karibu dakika 50, yaani rudi pale pale saa ile ile siku ya tatu, ufukwe umebadilika sura. Monet, yule mchoraji Mfaransa, 1890 na 1891 alichora marundo ya ngano yale yale kama picha 25, hakuhama.

Fundi_Kanvasi
Monet marundo yalikuwa jirani na nyumbani kwake, hakulipa nauli ya Mokowe kwenda kuvukia Lamu. Unaona basi hoja yangu? Mtu yuko Malindi, akae Malindi! Hata Gede, imeingia UNESCO 2024, kuna kivuli, kuna miti iliyokula kuta, na kima watakuibia brashi bila malipo.

Jicho_Tatu
Gede kijani tupu, kijani ni rangi ya kumuua mchoraji.

Fundi_Kanvasi
Changanya mwenyewe, usitumie ya tyubu. Weka nyekundu kidogo ndani yake.

BintiShela
Nyekundu kwenye kijani inatoa matope. Weka manjano iliyoungua.

Fundi_Kanvasi
Inategemea nyekundu gani dadangu. Ile ya kuelekea chungwa ndio inatuliza.

Mzee_wa_Mikoko
Mimi naweka zambarau. Semeni mtakavyo.

Rangi_Kavu
Asanteni, nasoma yote. Nilikuwa nimeegemea Lamu, basi hadi Mokowe halafu boti, ila kuna kitu sijasema. Naenda na mke na mtoto wa miaka 2.

KusiNaKaskazi
Ami!!! Hilo ndilo la kuanza nalo. Na wewe ulitaka kukaa masaa manne kwenye tuta la mchanga?

BintiShela
Mtoto atalelewa na mtaa mzima huku, Amu hakuna magari ya kumkanyaga vichochoroni. Njooni tu.

Mzee_wa_Mikoko
Takwa usimpeleke.

Jicho_Tatu
Mbona msifikirie hori ya Mida? Watamu hapo karibu, maji yakipwa ni uwanja mzima wa matope yanayong'aa na ndege, kuna daraja la mbao katikati ya mikoko, mama na mtoto wanatembea wewe unachora.

Fundi_Kanvasi
Mida sawa, lakini Marafa jioni moja usikose, tafuta mtu wa kukodisha gari mgawane na wenzako.

Rangi_Kavu
Mke anasema Mida. Mimi bado roho iko Lamu. Tutaona mwisho wa mwezi hela ikiingia. Fundi, ile stendi bado ipo? Bei ya mwisho ngapi, na inasimama kwenye mchanga?