Programu huria yetu haina mwenyewe kisheria: tusajili taasisi au tujiunge na iliyopo?

Swali
Ndugu zangu, sisi ni watu sita wa Dar es Salaam tunaotengeneza programu huria ya kutunza hesabu za vikoba, tuliyoitoa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuisambaza. Hadi leo kikoa, yaani anwani ya tovuti yetu, kinalipiwa kwa kadi ya mwenzetu mmoja, na michango ya seva inaingia kwenye simu yangu, nami kila mchango naandika daftarini, jina na kiasi, nisije nikadhaniwa nimezila fedha za watu. Je, tukasajili kampuni isiyo na hisa kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, au kuna njia nyepesi zaidi?

Jibu la kwanza
Ndugu, leseni inamlinda mtumiaji, na kile kifungu chake cha kukanusha dhamana kinawapunguzia ninyi lawama programu ikikosea hesabu. Lakini haisemi fedha zikae kwa nani. Debian, wanaotengeneza mfumo endeshi huria wa kompyuta, hawakujisajili wenyewe. Mwaka 1997 iliundwa Software in the Public Interest huko Marekani, ikawa ndiyo inayoshika fedha na mali zao, huku maamuzi ya kiufundi yakibaki kwa watengenezaji, na PostgreSQL, wenye programu huria ya hifadhidata, nao wamo humo humo. Taasisi hiyo hukata asilimia 5 ya michango, ambayo kwa watu sita naiona nafuu kuliko kuhangaika na ritani, yaani taarifa ambazo kampuni huwasilisha kila mwaka.

Jibu la pili
Naafiki, ila jina lisisahauliwe. Katika miaka ya 1990 mtu asiyehusika na mradi alisajili "Linux", jina la mfumo endeshi huria, huko Marekani kuwa alama yake ya biashara, akaanza kudai malipo, na ni mwaka 1997 tu alama hiyo ilipohamishiwa kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, baada ya mvutano wa kisheria. GPL isingeweza kuzuia hilo, kwa kuwa inahusu hakimiliki, si majina. Kabla ya kuchagua taasisi, andikeni makubaliano mafupi yanayotamka kwamba jina, kikoa na nywila ni vya mradi, kisha wote sita mtie sahihi.

Mwuliza swali
Nashukuru sana; Jumamosi tunakaa kuyaandika. Limebaki moja: mwenzetu aliandika sehemu ya programu inayokokotoa riba akiwa ameajiriwa kwingine.

Jibu la pili
Hapo msipapuuze. Kazi iliyofanywa ndani ya ajira kwa kawaida haki zake ni za mwajiri, mkataba usiposema vinginevyo. Aupitie mkataba wake, aombe barua ya ridhaa, na asipoipata, sehemu hiyo iandikwe upya na mwingine.