Nyumba ya Walukuba (kundi la WhatsApp la familia moja, Jinja, Uganda)

JUMATANO

Zainabu: Asalaam aleikum nyumba nzima. Simu yangu leo imepata moto kama pasi. Nimeizima. Anayetaka hotispoti ajitafutie.

Hawa: Shangazi tafadhali 😭 nina zoezi la fizikia la kutuma kabla ya magharibi

Mama: Na jana ulienda Masese kununua mukene (dagaa) ukaondoka na intaneti yetu mkobani. Mteja akaja na kazi ya kuchapa, akakusubiri mpaka chai ikapoa, akaenda kwa jirani.

Zainabu: Sasa Mama, simu yangu mwenyewe niiache nyumbani?

Rama: Dada nunueni ruta. Nimesema tangu Idi.

Mjomba Hamisi: Ruta ya nini? Intaneti si ni ile ile? Bando mtanunua pale pale, na serikali inakata kodi ya asilimia 12 yake tangu Julai 2021, walipoifuta ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Sasa mnataka kuongeza na gharama ya kisanduku.

Rama: Ni kweli Mjomba, ruta haizalishi intaneti. Inaichukua kwenye laini na kuigawa. Lakini inakaa nyumbani. Haipigiwi simu, haiendi sokoni. Simu ya Dada inabeba vifaa vinane basi, na haikuundwa kufanya kazi hiyo kutwa.

Mjomba Hamisi: Inagawaje? Itajuaje hiki cha Hawa, kile cha Zainabu?

Rama: Nyumba nzima inatoka nje kwa anwani moja ya intaneti. Anwani za mtindo wa zamani duniani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi simu na kompyuta zote zilizopo. Kwa hiyo ruta inampa kila mmoja namba ya humu ndani, mara nyingi inaanza na 192.168. Jirani naye anaweza kuwa na namba hiyo hiyo na msigongane, maana haitoki nje ya nyumba. Hawa akiomba kitu, ruta inaandika nani kaomba, inapeleka ombi nje kwa kutumia anwani ya nyumba, jibu likirudi inampa Hawa.

Mjomba Hamisi: Aaa. Karani wa posta! Enzi zangu za reli, barua za kwota zote, nyumba za wafanyakazi, zilikuja kwenye sanduku moja. Marehemu mama yangu kule Tororo aliandika namba ya sanduku na jina langu, basi. Kwota gani, karani ndiye alijua.

Rama: Hapo hapo Mjomba. Na ikija barua ambayo mwenyewe hayumo kwenye daftari?

Mjomba Hamisi: Ilibaki kwa karani.

Rama: Ruta nayo inaiachia mlangoni. Mtu wa nje hawezi kuanza tu kugonga laptopu ya Dada. Ila ukifungua kirusi mwenyewe kwa mkono wako, hapo ruta haikusaidii.

Zainabu: Hayo ya karani nimesikia. Mimi niambie ya printa.

Rama: Printa yako ina waifai. Ikiunganishwa kwenye ruta, laptopu na simu zote zinachapa bila waya. Na bando ikiisha bado unachapa.

Zainabu: Bando ikiisha??

Rama: Karatasi inatoka laptopu kwenda ruta kwenda printa. Haijavuka kizingiti. Kilichomo kwenye WhatsApp ya mteja ndicho kinachohitaji bando, mpaka kishushwe.

Zainabu: Banange. Mwaka mzima nimewafukuza watu na mitihani yao kwenye flashi nikiwaambia "hakuna mtandao".

Mama: Nunua.

JUMAPILI

Hawa: Ruta imefika 🎉 lakini chumbani kwangu inashika kijiti kimoja tu

Rama: Mmeiweka wapi? Tuma picha.

Hawa: [picha]

Rama: Mama. Hiyo ni ndani ya kabati la vyombo?

Mama: Nyuma ya sahani za wageni. Nimeifunika kitambaa changu cha kufuma. Kitu cha bei ile nikiache uchi kipigwe vumbi?

Rama: 😂😂 Mama itoe. Inapata joto, na masufuria yanakula mawimbi. Iweke juu ya kabati, katikati ya nyumba, bila kitambaa. Hawa, chumbani kwako tumia waifai ile ya gigahezi 2.4, inapenya kuta vizuri zaidi. Ile ya 5 ina kasi lakini ukuta mmoja wa tofali unaichosha, waachie walio sebuleni.

Zainabu: Paswedi nimebadilisha zote mbili, ya waifai na ile ya kuingilia mipangilio. Mpangaji wa nyuma nimemfungulia mtandao wa wageni, anapata intaneti lakini printa yangu haioni.

Mjomba Hamisi: Umeme ukikatika je? Naweza kuifunga kwenye betri ya sola, naona zote imeandikwa volti 12.

Rama: Usiifunge moja kwa moja Mjomba! Betri ya 12 ikiwa inachajiwa inapita 14, utaichoma. Kuna kibetri kidogo cha ruta, soma volti na ampia kwenye adapta ununue kinacholingana.

JUMANNE

Zainabu: Jamani GB 10 zimekwenda siku mbili. Nani amezila?

Mjomba Hamisi: Nilisema mimi.

Rama: Hilo ndilo baya la ruta, nilisahau kuwaambia. Simu ikiona waifai inadhani ni ya bure. Inasasisha programu, inapandisha picha, video zinajifungua kwa ubora wa juu. Kila mtu aingie kwenye mipangilio ya waifai, aiambie simu kwamba huu ni mtandao wa kulipia. Dada, fungua ukurasa wa ruta uone orodha ya vifaa na matumizi.

Zainabu: Naona. Printa kidogo. Laptopu kidogo. Hawa GB 1. Kuna simu moja hapa GB 6!! Inaitwa "Hamisi Reli".

Hawa: 🙈

Mjomba Hamisi: Ile ilikuwa mieleka tu. Nusu saa.

Mama: Rama, hiyo orodha inaonyesha na mimi?

Rama: Inaonyesha, Mama. Mpaka saa saba za usiku.

Mama: Basi ifunge.