Je, niendelee kulipia jarida la michezo, na je, linafaa kuwa zawadi kwa mzee?

Bint Korogwe (Columbus, Ohio)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa wangu nasema shikamooni.

Juzi nilipofungua sanduku la barua nilikuta bahasha ya kunikumbusha kwamba muda wetu wa kupokea Sports Illustrated unakaribia kwisha, na tangu siku hiyo sijaamua kama nilipie mwaka mwingine au niache. Jarida hili tulianza kuletewa miaka minne iliyopita, kijana wangu alipokuwa na miaka 9, kwa sababu nilitaka asome kitu kirefu kuliko maneno yanayopita chini ya video. Sasa ana miaka 13, matokeo ya mechi anayapata kwenye simu kabla wachezaji hawajatoka uwanjani, na matoleo mawili ya karibuni yamelala juu ya friji bila kuguswa, isipokuwa lile la juu ambalo lina duara la kikombe cha chai, na kikombe chenyewe, nakiri, ni changu.

Wakati huohuo ninapofikiria kuacha huku, nafikiria kuanzisha kule. Baba yangu ni mwalimu mstaafu anayeishi Korogwe, na mwezi Novemba atatimiza miaka 75. Enzi za chuo cha ualimu alikuwa mkimbiaji wa mita 1500, na mpaka leo ametunza, katikati ya daftari lake la maandalio ya masomo, kipande cha gazeti kuhusu Filbert Bayi alivyovunja rekodi ya dunia kule Christchurch mwaka 1974. Kiingereza anakisoma vizuri; simu anaitumia kupiga na kupokea tu. Wadogo zangu wanataka tuchange tumnunulie televisheni kubwa, lakini mimi nimefikiria kumlipia jarida la riadha kwa mwaka mzima, liwe linamfikia kwa jina lake. Mume wangu anasema zama za majarida zimepita na fedha yangu itapotelea njiani. Waliowahi kujaribu mambo haya, naombeni mnishauri.

Msomaji wa Eldoret

Dada, naanza na hilo la nyumbani kwako, kwa kuwa unachoombwa kulipia leo kimebadilika sana. Sports Illustrated lilipoanza Agosti 1954 lilikuwa la kila wiki, na likaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2018 likawa linatoka kila baada ya wiki mbili, na mwaka 2020 likawa la kila mwezi. Januari 2024 kampuni iliyokuwa na leseni ya kulichapisha ilishindwa kulipa awamu ya dola milioni 3.75, leseni ikafutwa, waandishi wengi wakapewa taarifa za kuachishwa kazi, na watu tukaanza kuandaa tanzia. Machi mwaka huohuo leseni ikakabidhiwa kwa Minute Media na jarida likanusurika. Wenzake hawakubahatika: Sporting News, lililoanza mwaka 1886, liliacha karatasi mwaka 2012, na ESPN The Magazine lililozaliwa 1998 lilifika 2019 likaishia hapo. Kwa hiyo anayelipa mwaka mzima mbele, katika biashara hii, ajue kwamba anakopesha.

Jarida la kila mwezi haliwezi kushindana na simu kwa habari, na asiyekubali hilo atalaumu bure. Kilichobaki humo ni picha nzuri na makala ndefu za watu waliopewa muda wa kuuliza na kuandika. Ningekuwa wewe ningempima kijana kabla ya kulipa. Makala za zamani za jarida hilo zimewekwa kwenye intaneti na zinasomwa bure. Mtafutie toleo la Desemba 1987, lile ambalo mkimbiaji wetu Kipchoge Keino alikuwa miongoni mwa wanamichezo wanane waliotajwa kuwa wanamichezo wa mwaka kwa ajili ya huduma yao kwa watu, yeye akiwa ametajwa kwa kulea watoto yatima hapa Eldoret. Akiisoma mpaka mwisho, lipia. Akiiacha katikati, hiyo bahasha itie kwenye taka bila huruma.

Mkutubi (Maryland)

Nafanya kazi maktaba, na kila asubuhi mimi ndiye ninayepanga majarida mapya kwenye rafu, kwa hiyo niruhusuni niseme mambo ya chini kidogo kuliko ya ndugu yetu wa Eldoret.

Dada, kabla hujalipa chochote, angalia kibandiko cha anwani kilicho kwenye jalada, kwa kuwa mara nyingi huandikwa hapo mwezi na mwaka ambao muda wako unakwisha. Barua za kukumbusha huanza kutumwa mapema mno, wakati mwingine zikiwa zimebaki nusu ya nakala zako, na mtu mwenye hofu hujikuta amelipa miaka miwili mbele bila kujua. Zipo pia barua zinazotoka kwa mawakala wasiohusiana kabisa na jarida, zenye sura ya ankara halali na bei ya juu, na Tume ya Biashara ya Marekani imekuwa ikionya watu kuhusu barua za namna hiyo. Hakikisha bahasha yako imetoka kwa wenyewe.

Kuhusu bei, ile ya mwaka wa kwanza ni chambo. Ya kuhuisha huwa kubwa zaidi, na ukikaa kimya mpaka muda uishe, mara nyingi utaletewa tena bei ya chambo. Soma pia kama unalipia mwaka au unalipia idadi ya nakala, kwa sababu toleo maalumu linaloitwa la mara mbili linaweza kuhesabiwa kuwa nakala mbili ingawa umepokea moja. Ukihama nyumba, posta ya Marekani hukufuatishia majarida kwa siku 60 tu, tofauti na barua za kawaida, basi usingoje.

Lakini swali langu kwako ni hili: una kadi ya maktaba? Maktaba nyingi za miji ya Marekani zinawapa wanachama wao programu ya Libby, na ndani yake kuna majarida mengi ya michezo ya kusoma bila kulipa senti. Kijana wa miaka 13 ambaye simu haimtoki mkononi atayasomea hapohapo, na friji yako itapumua. Majarida ya karatasi, kwa maoni yangu, nunua kwa ajili ya mtu anayeyangoja. Zamani Sports Illustrated walikuwa wakimpa aliyejisajili simu ya mezani yenye umbo la kiatu cha raba, na wazee wanaokuja hapa maktaba wanaikumbuka hiyo simu kuliko makala yoyote; nashuku wengine walilipia kiatu.

Hilo la baba sina uzoefu nalo, ila ukiamua, usisahau kwamba nakala ya kwanza huchukua wiki kadhaa. Siku ya kuzaliwa yenyewe awe na kitu cha kushika mkononi, hata kama ni nakala moja uliyoinunua dukani ukamtumia na mtu anayesafiri.

Mtanga wa Leicester

Mkutubi amesema kweli, na mimi naongeza la kule nyumbani kwa sababu nilikwishaliwa.

Kwa miaka mitatu nilimlipia mpwa wangu jarida la kandanda, kutoka hapa Uingereza hadi Tanga, kupitia wakala mmoja ambaye simtaji. Toleo la kufungua msimu, ambalo kila mtu hulitaka Agosti, lilimfikia Oktoba, likiwa limefungwa pamoja na la Septemba, kona moja imelowa na kukauka hata kurasa zikashikana. Mwaka wa tatu niliposema basi, kadi yangu ya benki iliendelea kukatwa fedha kwa miezi minne zaidi, kwa kuwa kulikuwa na kisanduku kidogo cha kujihuisha chenyewe ambacho sikukiondolea alama. Dada, kabla ya kitu kingine chochote, ondoa alama hiyo.

Pamoja na hayo sijutii, na nitakueleza sababu. Nilipokwenda likizo nilikuta majarida yale hayako kwa mpwa wangu kabisa. Yalikuwa kwa kinyozi wa mtaa. Picha za timu zimebandikwa ukutani kuanzia kwenye kioo hadi mlangoni, na makala zenyewe zimeshonwa kwa uzi wa gunia, vijana wanazisoma wakingoja zamu, mmoja anatafsiri na wengine wanambishia tafsiri. Msimu wenyewe ulikuwa umekwisha zamani, wala hakuna aliyejali. Kama ningemtumia mpwa wangu fedha ileile, angenunua vifurushi vya intaneti na vingekwisha kwa wiki moja.

Kwa riadha, Track & Field News la Marekani, lililoanza 1948, lingemfaa sana mzee kwa upande wa takwimu, lakini matoleo yake ya karatasi ya kila mwezi yamekoma, na mzee hatumii mtandao. Linalobaki kwa karatasi ni Athletics Weekly la hapa Uingereza, la tangu 1945, ambalo siku hizi hutoka kila mwezi ingawa jina lake maana yake ni la kila wiki. Uliza kwanza nauli ya posta ya kwenda Afrika, kwa kuwa kwenye majarida ya aina hii nauli inaweza kukaribia bei ya jarida lenyewe. Na anwani iwe ya S.L.P. iliyo hai, yenye mtu mwenye ufunguo. Ukitumia sanduku la shule aliyofundisha, walimu wote watalisoma kabla yake, na picha nzuri zitakuwa zimekatwa.

Dereva wa Segera

Mimi natofautiana nanyi kidogo, kwa heshima zote. Mnamtafutia mzee wa Korogwe karatasi kutoka Uingereza wakati magazeti ya michezo yanapita mbele ya mlango wake ndani ya basi.

Mzee wangu yuko Handeni. Nimepatana na muuza magazeti wa stendi: kila mwisho wa mwezi namtumia fedha kwa simu, na kila Mwanaspoti likitoka anamwekea mzee nakala moja chini ya meza, imefungwa kwa mpira, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kichwa cha gazeti. Kijana wa bodaboda anampelekea, na siku mzee akijisikia vizuri huenda kuichukua mwenyewe. Hiyo siku ya kwenda mwenyewe ndiyo ninayoilipia hasa, kwa sababu pale mezani kuna wanaosoma vichwa vya habari bure wakiwa wamesimama, kuna Simba na kuna Yanga, na mzee hukaa kwenye benchi mpaka jua liwe kali. Muuza magazeti akiona siku tatu hajaonekana, ananipigia. Hakuna jarida la Ulaya litakalonipigia simu kuniuliza baba yangu ana hali gani.

Nakubali kasoro moja, nayo ni kwamba riadha humo ni ya kutafuta kwa tochi. Mzee mwenye moyo wa mita 1500 atalipekua gazeti zima la kandanda apate aya mbili.

Bint Korogwe (Columbus, Ohio)

Nawashukuru wote, na samahani kwa kuchelewa kurudi.

La hapa nyumbani limekwisha. Bahasha niliikagua, ni ya wenyewe kweli, na kibandiko kinaonyesha bado nina nakala mbili, kwa hiyo silipi kitu kwa sasa. Makala ya Kipchoge Keino nilimwekea kijana kwenye simu yake. Aliisoma, akaacha karibu na mwisho, halafu usiku akaja kuniuliza kama babu yake aliwahi kukimbia na huyo mtu. Sijui kwa kipimo cha Msomaji wa Eldoret hilo ni kufaulu au kufeli. Nimemfungulia kadi ya maktaba.

Kwa baba nilipiga simu Jumapili bila kumwambia nia yangu, nikamuuliza tu, kama kwa kupitisha muda, angependa kupata gazeti la kandanda kila linapotoka au jarida la riadha mara moja kwa mwezi. Akaniuliza kama hilo jarida huandika muda wa kila mzunguko au muda wa kumalizia peke yake, kwa kuwa muda wa kumalizia peke yake, alisema, haukuelezi mtu alivyokimbia. Kisha akanirudisha Christchurch, kwa mara ambayo siwezi kuihesabu: Bayi ameshika uongozi tangu mwanzo, hamngoji mtu, John Walker wa New Zealand anamfukuzia kwenye mita za mwisho, na anakata utepe kwa 3:32.2 huku Walker aliyemfuata kwa 3:32.5 naye akiwa ameipita rekodi ya zamani na asipate kitu. Dakika ishirini na moja za simu kwa mbio ambazo hazikufika dakika nne.

Wadogo zangu watanunua televisheni. Mimi nitalipia Athletics Weekly kwa mwaka mmoja, kisanduku cha kujihuisha kikiwa hakina alama, na nakala ya kwanza atakwenda nayo shemeji anayesafiri Oktoba. Wazo la Dereva wa Segera nalo nimelichukua, ila kwa siku za mashindano makubwa tu. Kuhusu sanduku la posta, nilimuuliza baba kama lake la zamani bado analilipia ada. Akasema analilipia kila mwaka, ufunguo uko kwenye kamba moja na ule wa baiskeli, na kwamba miaka miwili sasa akilifungua hukuta vumbi na ankara za maji.