Naomba ushauri: nina shaka juu ya moto wa milele, na ninafundisha watoto kanisani

Bwana asifiwe, ndugu na dada. Niko Goma, kanisa letu ni la Kiprotestanti, na ninafundisha shule ya Jumapili. Yesu ninamwamini kabisa. Kinachonisumbua ni fundisho la jehanamu isiyo na mwisho.

Babu yangu alifariki bila kubatizwa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava ikafika Buhene, pembezoni mwa Goma, alifungulia nyumba yake watu waliounguliwa nyumba zao. Yeye akalala barazani, viatu miguuni, ili kina mama wenye watoto wapate vitanda. Juzi mtoto mmoja darasani akaniuliza: "Mwalimu, mtu mwema asiyeokoka naye anaungua milele?" Nilishindwa kumjibu.

Nimesoma Mathayo 25:46, adhabu ya milele, kisha 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe. Sijui nizishike vipi zote mbili. Rafiki Mkatoliki alinionyesha kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki), mwaka 1964, ulifundisha kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake anaweza kuokoka. Lakini babu aliisikia, tena sana. Shemasi mmoja aliniambia niombe tu, niache maswali. Nimeomba, na maswali bado yapo.

Naomba mnisaidie: je, inafaa niendelee kufundisha nikiwa na shaka hii, au nimweleze mchungaji kwanza? Na mtoto wa miaka tisa anajibiwaje bila kumtisha wala kumdanganya? Mungu awabariki.